Kinu Juu ya Benki

Jengo lile lilipoanza kuchimbwa msingi, mimi tayari nilikuwa na cherehani yangu barazani, upande wa pili wa barabara, hapa hapa Chikongola. Hakuna wa kunisimulia habari zake. Nimeliona likiwa shimo lenye maji ya mvua, nimeliona likiwa nondo tupu, nimeliona likivuliwa mbao ghorofa moja baada ya nyingine. Mume wangu alipata kibarua pale cha kubeba zege. Siku ya kumwaga slabu ya kwanza alirudi nyumbani Rahaleo mabega yamevimba, nikamkanda kwa maji ya moto na chumvi. Kuanzia hapo nikajihesabu na mimi ni mmoja wa wenye jengo. Nilikuwa nikimwonyesha mteja kwa mkasi: pale juu, pembeni, penye roshani, ndipo nitakapohamia mimi. Mteja anacheka, na mimi nacheka naye, ila moyoni sikuwa natania hata kidogo.

Lilipokwisha, chini likavishwa vioo vya buluu na benki ikaingia. Ghorofa ya kwanza wakaweka ofisi, na zile mbili za juu zikawa nyumba za kupanga. Pale benki ilipoishia na vioo viliishia. Juu palikuwa na plasta ya kawaida iliyopakwa rangi ya maziwa, matofali ya matundu upande wa ngazi ili hewa ipite, na roshani ndogo za vyuma ambazo wiki ya kwanza tu zilijaa nguo za kuanikwa. Kutoka kwenye kiti changu jengo lilionekana kama bwana aliyevaa suruali ya suti, juu akabaki na shati la kulalia. Nililisema hilo kwa sauti, watu wakacheka sana. Nilikuwa nalisema kwa wivu, na aliyelijua hilo ni mume wangu peke yake.

Kuna jambo wapitanjia hawalioni. Benki ina mlango wake mbele, wa vioo, wenye walinzi na hewa ya baridi inayokupiga usoni ukipita. Wapangaji wana mlango wao nyuma, uchochoroni, kando ya jenereta, geti la chuma na ngazi za zege. Ndani hakuna mlango unaoziunganisha pande hizo mbili. Waliojenga walitaka hivyo kwa ajili ya usalama wa fedha. Anayeishi juu anaweza kukaa humo miaka asikanyage benki, na wa benki asijue ni nani anayetembea juu ya kichwa chake.

Basi, kati ya binadamu wote wa Mtwara, aliyekuja kupata nyumba pale ghorofa ya pili akawa ni mdogo wangu, tumbo moja, tuliyekuwa tukigombania kipande cha muhogo wa kuchoma. Alikuwa ametoka Dar es Salaam baada ya kuachika, hana mtoto, amepata kazi ya ofisini bandarini. Hakuniambia kama anahamia. Niliona godoro linapitishwa uchochoroni, nikasema moyoni mwenye bahati nani tena huyo. Mara nasikia juu, "Dada! Dada, nipo huku!" Nikainua macho, namwona kwenye roshani ananipungia mkono. Futi yangu ya kupimia ilikuwa shingoni, na nakwambia ilinikaba.

"Hongera, mdogo wangu," nikamjibu, meno nje.

Nilikwenda kumtazama siku ya pili, maana nisingekwenda ningeonekana nina roho mbaya. Nilipanda zile ngazi nikizipapasa kuta. Ndani sakafu ni ya marumaru, choo kiko humo humo ndani, maji yanatoka bombani, jiko lina kabati za mbao. Katikati ya sebule palisimama nguzo ya zege, nene, isiyoweza kukumbatiwa na mtu mmoja. Mdogo wangu alikuwa akiichukia hiyo nguzo, anasema inamzuia kuweka makochi anavyotaka. Ilitoka chini kabisa benki, ikapita ofisini, ikapita sebuleni kwake, ikaendelea juu kwa majirani. Nilifurahi kwamba angalau kuna kitu kinamkera. Kisha akanitoa roshani, akaniambia nitazame mji. Nikatazama. Kutoka pale mabati yetu yote yanaonekana, na kutu zake zote. Nililiona la baraza langu, lina shimo limezibwa na kipande cha ndoo, na mimi miaka yote sijui kama liko hivyo. Nikamwambia nina mteja ananisubiri.

Hayo yote ningeyameza. Nyumba ni nyumba, na mimi nina yangu Rahaleo, ya tofali, na mume asiyenipiga, na watoto wanaonitii siku wanazotaka. Lililonishinda ni mama.

Mama yangu ni Mmakonde wa Kitaya, kule mtoni Ruvuma. Nguvu za shamba zilipompungukia, mimi ndiye niliyemfuata, na mimi ndiye mtoto mkubwa. Kwa ukoo wetu mama akizeeka anakaa kwa binti yake mkubwa, halijadiliwi. Mume wangu alimwongezea chumba upande wa mawio, chenye dirisha pana, kwa sababu mama hapendi giza. Kila jioni nikifunga kazi nilijua kuna mtu anayeningoja kibarazani, anayeniuliza mimi kabla hajamuuliza mtu mwingine yeyote nimekula nini mchana. Mwanamke mzima mwenye watoto wake, lakini hilo swali nilikuwa nalikimbilia.

Mdogo wangu akaja Ijumaa moja, Ramadhani imekaribia. "Dada, nimchukue mama akapumzike kwangu kidogo, abadilishe hewa." Hewa! Kana kwamba Rahaleo tunavuta moshi. Ningesema nini? Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kujifunga kanga.

Hiyo kidogo ikarefuka. Kwanza alirudi kuchukua nguo, akasema ni chache tu. Kisha ukaja kufuatwa mkeka wake wa kuswalia. Kisha kibuyu chake cha dawa ya miguu. Mimi nikawa najitia hamnazo, nauliza kwa upole mama anarudi lini, mdogo wangu anasema muulize mwenyewe. Nikimuuliza mwenyewe ananiambia, "Bado, mwanangu." Mchana namwona kwenye roshani, ananisalimu kwa mkono kama mgeni. Wateja wakaanza kuniambia mama yako kapata, mama yako sasa ni mtu wa ghorofani. Nawajibu alhamdulillahi, nakata kitambaa, na kilichokatwa siku zile kilikatwa vibaya. Kuna gauni la watu nililikosea kwapa nikalazimika kulitia kiraka cha kujidai ni mtindo.

Siku moja narudi nyumbani nakuta kinu hakipo. Bajaji imekuja kukichukua na mchi wake, wanangu wamesaidia kukipakia, wanafurahi. Nikakaa chini pale pale uani kilipokuwa kikisimama, pamebaki duara limedidimia ardhini. Msiokuwa wa kwetu labda hamtaelewa. Mwanamke anaweza kusafiri na nguo zake zote na bado ni mgeni huko aendako. Kinu hakisafiri. Kinu cha mama kikitoka ndani ya nyumba, mwenyewe amehama. Mume wangu alinikuta nalia, akauliza nani amekufa.

"Kinu kimeondoka," nikamwambia. Naye ni mtu wa huku, hakuuliza tena.

Sasa, kwa nini kinu ndani ya nyumba yenye jiko la gesi? Kwa sababu mama yangu hali unga wa mashine. Anasema unanuka mafuta, na ugali wake unateleza bila kuaga. Makopa yake, yaani muhogo wake mkavu, anayapokea kutoka Kitaya, anayatwanga mwenyewe, anayachekecha mwenyewe. Kule kwangu alitwanga uani na majirani wakawa wanamsikia, wanajua bibi kaamka salama. Ghorofani hakuna ua. Basi akatwanga sebuleni.

Ilikuwa Jumapili, wiki ya mwisho ya Ramadhani, wakati ambao fundi wa nguo hajui Jumapili wala Jumatatu. Mtaa ulikuwa umejaa wanunuzi wa Idd. Benki imefungwa, mlinzi amekaa nje kwenye kiti chake. Namwona anasimama. Anaweka sikio kwenye kioo, anaondoa, anaweka tena. Akaingia upande wa mashine za kutolea pesa, akatoka mbio huku anapiga simu. Hata chai haijapoa kama ingekuwa siku ya kunywa chai, gari la polisi likafika, askari wakaruka na bunduki, wakalizunguka jengo.

"Wanabomoa chumba cha hazina!" mtu akapiga kelele. "Wako ndani, wanasikika wanagonga!"

Muuza ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, alibeba beseni lake akakimbia, akarudi kutazama. Duka zima la viatu likatoka nje. Watu wa juu wakaamriwa washuke, wakashuka kupitia uchochoroni, mmoja ana povu la sabuni kichwani. Mdogo wangu akatoka miongoni mwao amejitupia kanga, alikuwa amelala chumbani, anamwambia askari kitu, hasikilizwi. Nikamtafuta mama kwa macho, simwoni. Na mle ndani ugongaji unaendelea. Nilivuka barabara nikasogea hadi kwenye kioo, na hapo nikausikia kwa masikio yangu. Mapigo mawili mazito, kisha mchi unagongwa kidogo ukingoni kukung'uta unga. Mawili, kisha ukingoni. Nimeusikia mdundo huo nikiwa mgongoni, kabla sijajua kutembea.

"Ni mama yangu huyo!" nikasema. "Anatwanga!"

"Mama, rudi nyuma," askari akaniambia.

"Anatwanga makopa! Juu, siyo chini!"

"Mama, nimesema rudi nyuma."

Walipanda. Tulisubiri mtaa mzima, halafu ugongaji ukakoma. Baadaye kidogo akatoka askari wa kwanza, kijana mrefu, anajitahidi asicheke, kofia yake ina unga. Alitusimulia yeye mwenyewe pale pale. Walimkuta bibi amesimama kando ya nguzo, amejifunga kibwebwe. Alipowaona hakushtuka, aliwatazama miguuni. Akawaambia, "Karibuni wanangu, lakini humu ntu haingii na viatu." Wawili kati yao wakavua.

Ikaja kueleweka. Mama alipotaka mahali pa kuweka kinu alifanya anavyofanya Kitaya, alitafuta ardhi ngumu. Alikwenda anapiga sakafu kwa kisigino chumba kizima, kwingine pakawa panamwitikia kama ngoma, isipokuwa chini ya ile nguzo, pakakaa kimya. Hapo ndipo, akasema, na akakitua. Na nguzo haikumeza kitu. Kila pigo lilishuka nalo, likapita ofisini kusiko na watu, likatokea benki ukutani kwa hazina. Siku za kazi kelele za wateja zililifunika. Jumapili likawa na benki nzima peke yake.

Mji ulicheka mpaka futari. Msimamizi wa jengo yeye hakucheka. Alikuja na fungu lake la funguo, akasema mbele yetu sote kwamba kinu marufuku, kwamba jengo hili ni la kisasa na lina masharti, na kwamba mpangaji achague. Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Na mimi? Nitasema nini zaidi ya ukweli, nilitaka kupiga vigelegele. Ghorofa lenyewe lilikuwa limemtema mama. Nilijua atarudi kwangu, Idd atakula kwangu, kinu kitarudi kwenye duara lake. Usiku ule nilifagia chumba chake nikabadilisha shuka.

Kesho yake mchana, mdogo wangu akiwa kazini, nilikodi bajaji ikangoja uchochoroni, nikapanda. Mama alikuwa amekaa chini ameegemea nguzo, anachambua kunde. Kinu kimelazwa ubavu, kimefunikwa kanga, kama mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Za cherehani?"

"Nzuri. Nimekuja na usafiri. Wapi nguo zako?"

Aliendelea kuchambua. "Usafiri wa kwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Si umesikia jana? Hapa huwezi kutwanga. Chumba chako nimekifagia."

"Kutwanga nitatwanga. Yule mlinzi kanionyesha pahala chini, karibu na jenereta. Kasema yeye mwenyewe atakibeba." Akatabasamu. "Ntoto mzuri yule. Mama yake wa Newala."

Nikasimama pale katikati ya sebule ya marumaru, nimeshika mkoba, na kile kitu nilichokimeza tangu siku ya godoro kikapanda chote mara moja. Nikamwambia mimi ndiye mtoto mkubwa. Nikamwambia mume wangu amebeba tofali za kile chumba kwa mabega yale yale aliyobebea zege ya jengo hili. Nikamwambia kama ni marumaru, kama ni maji ya bomba, aseme tu, watu wasijifanye wanabadilisha hewa. Nilisema vibaya, sauti ikapanda, na hakuna jirani aliyegonga mlango kuuliza kuna nini.

Mama aliliona hilo la mwisho kabla yangu.

"Umesikia?" akasema. "Umepiga kelele zote hizo. Nani kaja?"

Nikautazama mlango.

"Kwako ukikohoa tu, dirisha lina watu. Kaa chini." Nikakaa. Akaniambia polepole, huku mikono inaendelea na kunde, kwamba ile Ijumaa alipofika hapa mara ya kwanza aliona nguo zimelundikana na sufuria zimekauka, akambana mdogo wangu mpaka akasema. Kumbe alikuwa ameugua wiki chache nyuma. Homa ilimlaza sakafuni, hapa, kwa sababu sakafu ni baridi. Hakumbuki ni siku ngapi. Alijaribu kuita, akawa anasikia chini watu wanaingia na kutoka, mlango wa vioo unafunguka na kufungwa, watu wanacheka. Kazini walidhani amesafiri. Ilipopungua alitambaa akanywa maji ya bomba.

"Na mimi nipo ng'ambo ya barabara?" nikasema. "Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambiaje? Kila siku unamwona mwenye raha tu." Mama aliacha kunde. Kwa mara ya kwanza akanitazama. "Mwanangu, yule akifa humu ndani, asubuhi benki itafunguliwa tu. Nimelala nikiliwaza hilo mpaka kichwa kinauma. Sasa angalau jana wamejua juu kuna watu. Leo asubuhi akitoka, wale walinzi wote wanamuuliza, mama kaamkaje?"

Nikamuuliza swali ambalo mtu wa umri wangu haulizi. "Na mimi je, mama?"

"Wewe?" Alishangaa kweli. "Wewe una nini? Wewe sina wasiwasi nawe. Tangu utotoni."

Akanipa kunde nimsaidie. Tulichambua mpaka zikaisha, akaniambia Idd watakuja kwangu wote wawili, nipike wali wa kutosha. Nikamwambia haya. Nikashuka zile ngazi. Dereva wa bajaji akaniuliza mzigo uko wapi, nikamwambia hakuna mzigo.

Nilirudi kwenye cherehani yangu. Mchana ule mdogo wangu alitoka kazini mapema, akapita mbele ya benki badala ya nyuma, mlinzi akasimama akamsalimu. Alivuka barabara kuja kwangu. Amekonda, na mimi nimemtazama juu ya roshani siku zote hizo sikuliona. Akasema, "Dada, mama kanipigia simu, amesema umekuja." Nikamshika mkono, nikamwambia akijisikia vibaya tena anipigie kelele hata kama nina wateja. Akaniahidi. Nililisema kwa dhati, namwomba Mungu anishuhudie.

Kisha akaondoka, nikainua macho, nikamwona mama ameshatoka roshani kumngojea, shingo ameinyosha juu ya vile vyuma, anamfuata kwa macho hatua kwa hatua asigongwe na pikipiki. Mimi nimevuka barabara ile maisha yangu yote. Nikashona, nikashona, sindano ikakatika, nikaitoa nikaweka nyingine. Marumaru sikuyataka tena, wala bomba, wala roshani. Nilimwonea mdogo wangu wivu wa ile homa.